Elfu sitini na tatu na mia tano

Nimerudi mzima. Mabegi yote yamefika, na ngozi imekolea hadi mama akaniuliza kama kule visiwani nilikuwa nachoma mkaa. Wiki yenyewe imejaa mambo: mdogo wetu wa mwisho kaletewa posa, ofisini tumepewa meneja mpya, na jana fundi hatimaye kaja kuziba lile paa la jikoni. Mimi nikiweka kichwa kwenye mto nawaza daftari.

Lile lile la jalada la kijani, mliloliona nilipokuwa najiandaa. Tulipokaa pale Raskazone, hapa Tanga, kupanga safari ya kupanda mawimbi, hapakuwa hata na mjadala wa nani ashike daftari la hesabu. Watu wakishasikia mhasibu hawatafuti mwingine. Kila mtu akapewa mstari wake: Mrefu wa Arusha, Bi Kofia wa Dar, Mreno na mbao zake mbili za kupandia mawimbi, na mimi. Nauli, mashua, vyumba, viingilio vya hifadhi, samaki, mkaa, nazi, vyote vinaingia humo, na kila jioni najumlisha wenzangu wakiwa wananyoosha miguu.

Sasa usiku wa mwisho, Wete kule Pemba, tumekaa barazani kwenye nyumba ya wageni. Nimefunga hesabu, nimewasomea. Yangu iliyobaki ilikuwa elfu sitini na tatu na mia tano. Nikaingiza mkono kwenye pochi. Mrefu akalichukua daftari mapajani mwangu, akachukua na kalamu, akakata mstari wangu. Taratibu kabisa, kama mwalimu anayesahihisha.

"Dada, wewe huna deni."

"Ninalo. Nimeliandika mwenyewe."

"Tumeshaongea. Wewe tumekutoa."

"Mmeongea lini?"

"Jana jioni. Ulipokuwa umeingia ndani kuswali."

Nikawatazama wote watatu. Bi Kofia akajifanya anatafuta chaja. Mrefu akaendelea, na sauti yake ilikuwa nzuri kwelikweli, ndiyo maana imenishinda kumkasirikia vizuri: "Umetupikia, umetuombea bei kwa manahodha, bila wewe tungelipa mara mbili. Ni haki yako."

Nikasema, "Haya, ahsanteni." Basi. Mimi niliyemjibu yule mkaguzi wa mwaka jana mpaka akaomba maji ya kunywa, nikasema haya, ahsanteni, nikaenda kulala.

Tangu hapo nimeshaandaa majibu ya kutosha. Melini, kuanzia Pemba mpaka naona minara ya Tanga, nilikuwa nalitunga la kistaarabu: jamani, mimi nilipika kwa sababu napenda kula vizuri. Kwenye bodaboda ya kwenda nyumbani likaja kali: mkitaka kunilipa semeni, nina bei yangu. Juzi usiku, saa nane, nikaamka nikachukua kikokotoo nikaigawa ile elfu sitini na tatu na mia tano kwa kila sufuria niliyoinjika na kila bei niliyoishusha. Kama ulikuwa mshahara, wamenipunja.

Lakini si hela. Mniamini, ingawa mimi na hela mnatujua. Kinachonikera ni mstari wa Mreno. Mbao ni zake. Kamba ya mguuni alinifunga yeye, nta alipaka yeye, na asubuhi zote za ufukweni Ushongo alisimama maji kifuani akinishikilia ubao mpaka midomo ikabadilika rangi. Kama kuna mtu aliyetoa kazi safari hii ni yeye. Mbona wake haukukatwa? Na Bi Kofia, Mrefu alipokanyaga mwamba akachanika unyayo, nani alimsafisha, akamfunga bendeji, akambadilishia kila siku kama yuko wodini? Mstari wake upo, umelipwa mpaka shilingi ya mwisho. Ya Mreno ilikuwa urafiki. Ya Bi Kofia ilikuwa urafiki. Yangu ikawa kazi, na ikapangiwa bei nikiwa kwenye msala.

Niwape na raha basi, msije mkasema nimekwenda kuvuna uchungu tu.

Hapa Tanga mtu huwezi kujifunza kupanda wimbi. Ghuba yetu imetulia mno. Mreno alinieleza na mimi nikakubali kwa sababu alichora mchangani: huko kwao Ureno, mahali paitwapo Nazaré, kuna bonde refu chini ya bahari linaloelekeza nguvu zote za maji ufukweni, na mwaka 2020 Mjerumani mmoja, Sebastian Steudtner, alipanda hapo wimbi lililopimwa mita 26.21. Sisi kusini mashariki tumekingwa na Madagaska, karibu yetu imelala Pemba, na kabla ya ufukwe yapo matumbawe yanayopokea kipigo. Kinachotufikia ni wimbi la upepo, la kusi, fupi na lisilo na adabu. Ndiyo maana tulingoja kusi. Wavuvi wanatia nanga, sisi ndio tunatoka. Mzee mmoja pale Pangani alitutazama na zile mbao, akauliza kama huko tutokako hatuna wazazi.

Tukavuka mto kwenda Bweni, tukateremka Ushongo. Nilianguka nikanywa maji, nikaanguka nikapoteza mtandio, Mrefu akacheka mpaka akakaa chini. Halafu asubuhi moja maji yamejaa, likaja wimbi la kiunoni tu, Mreno akasukuma ubao akapiga kelele kwa lugha yake, nikainuka. Nilisimama. Pwani nzima ikawa inakuja upande wangu, minazi, ngalawa zilizopandishwa juu, Bi Kofia karusha mikono, na mimi nimepinda magoti na suruali yangu ndefu na fulana ya mikono mirefu, nacheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu shule ya msingi. Ubao ukagusa mchanga ndipo nikakumbuka kwamba sikufundishwa kushuka.

Maziwe tulikwenda maji yanapokupwa, maana fungu lile maji yakijaa halipo. Kimeingizwa kwenye hifadhi miaka mingi, na zamani kilikuwa kisiwa hasa, kina mivinje, kasa wanapanda kutaga. Miti ikafa, mchanga ukakosa wa kuushika, ikawa basi. Kasa bado wanakuja kwa mazoea, na mayai yao inabidi yafukuliwe yahamishiwe ufukwe wa bara, la sivyo maji yanayafunika. Nahodha alitueleza akiwa anachungulia maji kila mara, na kabla hajamaliza akasema tupande, hapa pataliwa sasa hivi. Na bei ya nahodha huyo, kwa taarifa ya wanaojua kukata mistari, niliishusha kwa kumsalimia tu na kumuuliza habari za kwao. Hakuna kipaji hapo. Ni kusalimia watu.

Kuvuka kwenda Unguja nisiwaeleze. Nilitapika kuanzia Ushongo mpaka Nungwi, na kila kitu kilichokuwa tumboni mwangu ni mali ya Bahari ya Hindi.

Paje tulikuta upepo umeshika na anga imejaa makaiti ya rangi, vijana wanavutwa juu ya maji mafupi kama wana haraka ya kufika Somalia. Mreno alinuna. Hapo wimbi liko mbali, nje kwenye mwamba, na wageni wa kaiti wanapapenda kwa sababu ndani ya mwamba maji hayana wimbi la maana. Wenzangu walikodi ngalawa wakaenda kwenye mlango wa mwamba, mimi nikabaki na akina mama wa mwani. Wanalima pale tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, wanafunga vipande kwenye kamba maji yakikupwa, mgongo umepinda saa nzima, na katikati yao anapita mtu na kaiti anapunga mkono. Mama mmoja akaniuliza, "Wewe uko na wale?" Nikasema ndiyo, niko nao. Nilisema kwa fahari kabisa.

Pemba ilikuwa ya kupumzisha macho. Karafuu zimeanikwa kwenye mikeka, harufu inakufuata mpaka ndani ya daladala. Ufukwe wa Vumawimbi jina kubwa, lakini siku tuliyofika wimbi lilikuwa limelala fofofo, Mreno akaulalia ubao wake akasinzia nao. Misali ndiyo iliyonishika. Nilishasimuliwa na marehemu bibi kisa cha Nabii Hadhara kuwaomba wavuvi msala wa kuswalia, wakamwambia hawana, naye akasema kisiwa hiki kimeelekea kibla, basi kitakuwa msala wangu. Kukisikia kisa hicho Ngamiani ukiwa umelala ubavuni mwa bibi ni jambo moja, na kukanyaga pale ni jingine. Niliwasimulia wote tukiwa chini ya mti, Mreno akaniomba nirudie ili aandike. Nadhani na hiyo ilihesabiwa kwenye huduma.

Mnaona? Kila nikienda kwenye raha, daftari linanivuta sikio.

Jumatano nilimsimulia mama, na dada mkubwa alikuwapo anachambua mchele. Mama akasikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Sasa we mwana, ulitaka wakudai?" Nikasema ndiyo. Akamtazama dada. Dada akasema, "Mie wakija watu wa kunifutia madeni uwaelekeze, barabara ya ishirini, nyumba yenye mlango wa buluu, wasipotee." Wakacheka mpaka mchele ukamwagika. Nikaenda zangu chumbani nikiwa nimeamua.

Nikamtumia Mrefu ile hela kwa simu. Elfu sitini na tatu na mia tano kamili, na ya kutolea juu. Dakika kumi nyingi, simu ikalia: kairudisha. "Acha ukaidi dada." Nikaituma tena. Akairudisha tena, safari hii pungufu, maana makato yalishaanza kuila. Nikaongeza pengo nikatuma. Bi Kofia akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Jamani, mnamtajirisha nani?"

Hapo ndipo nikaandika. Sikutumia jibu lolote kati ya yale niliyoyaandaa. Niliandika tu: "Naomba kuuliza kama mhasibu. Mbona Mreno hakufutiwa mstari?"

Kimya. Nikaona alama za kusomwa, mmoja, wa pili, wa tatu. Nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa visafi. Niliporudi Mreno alikuwa ameandika, kwa Kiswahili chake kile cha kuokoteza barabarani, kwamba swali ni zuri, na yeye anadai kukodisha mbao, ada ya mwalimu, na fidia ya baridi aliyoipata Ushongo. Bi Kofia akaleta bili ya bendeji, zamu ya usiku na posho ya mazingira magumu. Mrefu akadai kwamba yeye ndiye aliyebeba begi langu kutoka bandari ya Mkoani, na begi lilikuwa na kinu, nani anasafiri na kinu? Nikakaa chini nikafungua ukurasa mpya, nikaingiza madai yote, nikajumlisha, nikakuta safari nzima hakuna aliyetakiwa kulipa kitu, na yule mwenye nyumba ya wageni Wete anatudai sote. Nikapiga picha nikawatumia. Nilicheka peke yangu chumbani mpaka mama akagonga ukuta.

Baadaye Mrefu akanipigia. Hakuomba msamaha, na sikumtaka aombe. Alisema, "Dada, hela yako nimeipokea, nimeiandika." Akanyamaza kidogo, akasema Desemba wanataka kwenda Mafia, papa potwe wanakuwepo msimu ule, na kaskazi itakuwa imeshika. "Daftari nani atashika?" Nikamwambia atashika yeye, na mimi nitapika, na ole wake mtu anishukuru.

Ile ya "ulipokuwa umeingia ndani kuswali" bado haijatoka, sitawaficha. Hiyo sijampelekea mtu.

Kingine kabisa. Leo asubuhi nilikuwa natafuta sindano kwenye kabati la mama nikaikuta pakiti yake ya dawa za presha. Mazoea ni mabaya, nikahesabu. Anatakiwa kunywa kimoja kila siku, alichukua mpya mwanzo wa mwezi, na leo ni tarehe 23. Kwenye pakiti ya vidonge 30 vimebaki kumi na sita. Nikamuuliza huku najifanya napanga nguo: mama, dawa unakunywa? Akasema anakunywa, kwani mimi daktari? Na ameshaanza kuzungumzia kwenda Muheza kwa miguu yake mwenyewe kuwaalika ndugu kwenye posa. Nimemwandikia dada mkubwa aje kesho mapema, na aje na ile mashine ya kupimia ya jirani yake, kama betri bado zinafanya kazi.