Gari la dharura tulilolitengeneza South C, na mstari mwekundu uliotuondoa nyumbani

Nilipotangaza kwamba nataka gari la kulala ndani kwa ajili ya dharura, ushauri ulimiminika. Wa kwanza alisema ninunue gari refu la kuvuta magurudumu yote manne, lenye bomba la hewa juu ya paa, nivuke nalo mafuriko. Wa pili alisema mambo yakiharibika nijaze mafuta nikimbilie Naivasha. Wa tatu, shemeji yangu nimpendaye sana, alisisitiza nibebe jiko la makaa kwa kuwa gesi ni ghali. Kila mmoja wao alinitakia mema, na kila ushauri kati ya huo ungeweza kutuua. Naandika kwa sababu bado nasikia watu wakipeana maneno hayohayo kila masika yanapokaribia.

Kilichonisukuma ni insulini ya Mama, dawa yake ya kisukari. Usiku wa Ijumaa 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, hata uwanja wa ndege wa JKIA ukabaki gizani. Mama anaishi nasi South C, hapa Nairobi, na akiba yake yote ilikuwa ndani ya friji iliyozima. Mfamasia alinituliza: ile inayotumika sasa hivi hukaa wiki kama nne kwenye joto la kawaida la chumba, lisizidi nyuzi 30, kutegemea aina yake, na kikaratasi cha ndani ya boksi ndicho cha kufuatwa. Wasiwasi wangu ulikuwa ile ambayo haijafunguliwa, inayotakiwa kukaa kati ya nyuzi 2 na 8. Halafu tunakaa nyumba ya chini, na mtaro wa nje hujaa kila mvua kubwa. Nikaona tunahitaji kitu kimoja chenye ubaridi, maji na mwanga, kinachoweza pia kuondoka.

Tulinunua HiAce ya dizeli, ya gia za mkono, iliyokuwa matatu ya abiria 14. Ukijumlisha na kutibu injini, ilitula karibu milioni moja. Walionicheka hawajui raha ya gari ambalo fundi yeyote kutoka Kariobangi hadi Dagoretti analijua, na ambalo vipuri vyake vimejaa Kirinyaga Road. Siku ya balaa sitaki gari linalongoja kipuri kije na meli. Mambo ya NTSA, mamlaka ya usafiri, ukaguzi, kufuta mstari wa njano wa matatu na kuhamia bima ya kibinafsi yalikwisha. Viti vikatoka, kitanda na makabati yakaingia. Seremala mmoja wa Gikomba alitaka kutuwekea MDF, zile mbao za unga uliogandamizwa. Nikakataa, MDF ikionja maji huvimba kama mkate kwenye chai. Tukaweka plaiwudi ya kustahimili maji, na kila ukingo ukapakwa rangi.

Sasa stima. Hapa lazima nisimulie vizuri.

Shemeji alituletea fundi anayesifika kwa kufunga muziki kwenye matatu. Akaja na betri kuukuu ya lori, akaikalisha nyuma, akaiunganisha moja kwa moja na betri ya injini kwa waya mnene, akapachika inveta, kile kifaa cha kugeuza stima ya betri iwe ya nyumbani, juu yake, akajifuta mikono. "Mama Salma, hapa una stima ya kulisha mtaa mzima." Nikamuuliza ni nini kitakachozuia friji kuinyonya betri ya injini. Akasema alternata, mashine ya kuchaji betri injini ikizunguka, itashughulikia. "Hata gari likiwa limezimwa?" Akacheka, akaniita mwalimu. Nikamwambia basi, sitoi salio mpaka tuiache friji ikifanya kazi usiku kucha, na asubuhi nitampigia.

Asubuhi Baba Salma akazungusha ufunguo. Taa za dashibodi zikawaka kidogo, zikafifia. Stata ikagonga mara moja, tak, ikanyamaza. Nikachomeka kipimo cha volti: chini ya 11, mbele na nyuma. Betri ya lori iliyochoka ilikuwa imeivuta ya injini zikazama pamoja. Mzee wa geti akaita watu: kijana wa maziwa, wanabodaboda wawili, na jirani aliyekuwa tayari amevaa suti ya kazini. Wakalisukuma hadi karibu mwisho wa barabara, Baba Salma gia ya pili, klachi chini. Alipoiachia gari likakohoa, likatoa moshi mweusi, likawaka, na watu wakapiga makofi. Faida ya gia za mkono niliiona hapo. Fundi alipofika alieleza kwamba betri zilipatwa na baridi. Baridi ya Nairobi, mwezi wa kumi! Nikamrudishia betri yake, nikabaki na salio langu.

Aliyenitengenezea kweli ni binti mmoja anayefunga sola, ana chumba kidogo Luthuli Avenue. Swali lake la kwanza lilikuwa: "Mama, stata yako inalindwa na nani?" Nikajua nimefika. Alinieleza kwamba betri za kawaida za asidi hazitaki kushushwa chini ya nusu mara kwa mara, kwa hiyo unalipia betri nzima unatumia nusu. Akafunga ya lithiamu, ile ya fosfeti ya chuma, ampea-saa 100 kwa volti 12.8, yaani kama wati-saa 1,280. Kati yake na alternata akaweka chaja maalumu ya ampea 30, ambayo hulala gari likizimwa, kwa hiyo betri ya injini haiguswi. Kila waya mnene una fyuzi karibu kabisa na betri, na alinilazimisha niziguse zote nizijue. Juu ya paa tuna paneli ya wati 200. Msitegemee paneli pekee wakati wa masika, mawingu ya Nairobi mwezi wa nne huipunguza sana. Kinachotuokoa ni mwendo: saa moja barabarani hurudisha karibu theluthi ya betri. Betri, chaja na paneli vilikula kama laki moja na nusu, na sijutii hata senti.

Friji yetu ni ndogo, ya volti 12, yenye kompresa. Kitu ambacho hakuna aliyeniambia isipokuwa mfamasia: adui wa insulini humo si joto tu. Ikiganda, imekufa, itupwe hata kama imeyeyuka na kuonekana safi. Ukuta wa friji hizi ndogo huwa baridi kupita namba inayoonyeshwa mlangoni. Nilitia kipimajoto pembeni nikakuta sufuri. Katikati, kwenye kikapu cha juu, nikapata nyuzi 5. Basi insulini ya Mama hukaa ndani ya kibati cha biskuti kilichofungwa kipande cha leso, kwenye kikapu cha juu, na kipimajoto kiko humohumo kibatini. Mama mwenyewe hukikagua kabla ya alfajiri.

Kuhusu jiko la makaa, nilibishana na shemeji mbele ya watu na sitaki kubishana tena. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, unasinzia, huamki. Gari ni chumba kidogo kuliko vyote. Tunatumia mtungi wa gesi wa kilo 6, tunapika mlango ukiwa wazi, na tumetoboa tundu sakafuni ndani ya kabati la mtungi, kwa sababu gesi hii ni nzito kuliko hewa, ikivuja hushuka chini na kutulia. Tundu la darini halisaidii. King'ora cha hewa ya sumu kiko usawa wa mto wa kulalia.

Maji ni jerikeni. Tuko watano, nahesabu lita nne kwa mtu kwa siku za kunywa na kupikia, kwa hiyo jerikeni moja ya lita 20 ni siku moja. Tunabeba nne, chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma, maana hizo ni kilo 80 na zikikaa juu gari linayumba. Maji yoyote tunayookota njiani hutiwa dawa ya klorini na kungojwa nusu saa. Mafuriko huchanganya vyoo na visima, na kipindupindu hakichelewi. Choo ni ndoo yenye kifuniko na unga wa mbao kutoka kwa seremala. Noti ndogondogo pia, kwa sababu mtandao ukilala M-Pesa nayo imelala. Na tangi halishuki chini ya nusu. Aliyepanga foleni za mafuta Aprili 2022 hahitaji kuelezwa.

Lakini vyote hivyo visingetufaa bila mstari.

Mzee wa geti ameulinda mtaa wetu tangu kabla hatujahamia. Nilimwomba anionyeshe maji ya mvua za nyuma yalifika wapi, tukatembea naye na kamba na kipande cha chaki. Tulichogundua kilinishtua: sehemu ya chini kuliko zote haiko nyumbani kwetu, iko nje ya geti, pale barabara inapopinda. Yaani maji hufunga njia ya kutokea kabla hayajagusa kizingiti chetu. Anayengoja kuona maji sebuleni ndipo aondoke, amekwisha fungiwa. Na hapo ndipo lile gari refu la kuvuka mafuriko linapowadanganya watu: maji yanayokwenda kasi, kina cha sentimita 30 tu, yanaweza kulibeba gari dogo, na 60 hubeba hata makubwa. Nikachukua rangi nyekundu nikapiga mstari kwenye ukuta wa mtaro, shibiri moja chini ya usawa wa ile kona. Maji yakigusa mstari tunaondoka. Hakuna kikao.

Usiku wa kuamkia 24 Aprili 2024 mvua ilianza na haikupumzika. Idara ya Hali ya Anga ilikuwa imeonya, kwa hiyo gari lilikuwa limegeuzwa, pua kwa geti. Mzee akagonga dirisha: "Mama Salma, mstari umefunikwa." Mama akasema, "Mwanangu, tungoje kupambazuke, nje kiza." Nikamwambia, "Mama, mstari umefunikwa." Akanyanyuka, akachukua mtandio wake. Kilichobaki kubebwa kilikuwa watoto tu. Hati zote zinalala garini ndani ya mfuko usiopitisha maji. Tukapitia Nairobi West, Lang'ata Road, Mbagathi Way, hadi karakana ya binamu yangu karibu na Adams Arcade. Tulikuwa tumekubaliana naye mapema, na ufunguo wa choo nilikuwa nao. Ardhi ya Nairobi hupanda ukielekea magharibi: JKIA iko mita 1,624 juu ya bahari, na milima ya Ngong inafika 2,460. Ukitafuta pa kukimbilia, panda.

Asubuhi jirani wa suti alinitumia picha ya kona ile. Magari mawili yalikuwa yamezama hadi vioo. Yeye na familia yake walikuwa salama ghorofani, alhamdulillahi, lakini hawakuweza kutoka.

Tulilala garini mpaka mtaa ulipokauka. Siku hizo ndipo habari ya 29 Aprili ilipokuja: maji yaliyozuiliwa chini ya reli ya zamani huko Old Kijabe yalipasuka usiku na kuifagia Mai Mahiu watu wakiwa usingizini. Mai Mahiu iko kwenye njia ya Naivasha, njia niliyoshauriwa niikimbilie. Nilikaa na Mama tukawasomea marehemu Fatiha, tukashindwa kusema kitu kingine.

Baada ya hapo majirani kadhaa waliniomba niwapigie mistari yao. Nimewapigia, kila mtu na kona yake, kwa sababu mstari wangu hauwafai wanaotoka kwa geti la pili. Namba 1199 ya Msalaba Mwekundu nimeiandika kwa rangi ileile juu ya kila mstari. Kwa sasa mpira wa mlango wa pembeni wa gari unavuja kidogo karibu na kitanda cha watoto. Nimeshauagiza mwingine Kirinyaga Road, na nataka uwe umefungwa kabla ya vuli.