Moyo Mzima, Hofu Iliyobaki

Nilikuwa na umri wa miaka 27, nikikimbia mara nne kwa wiki, nilipoanza kulala huku vidole viwili vikiwa juu ya mshipa wa shingo. Usiku mmoja moyo uliruka, ukanyamaza kidogo, kisha ukapiga kwa kishindo, nami nikaamini kwamba nitaanguka kama mwanasoka wa Denmark Christian Eriksen alivyoanguka uwanjani Copenhagen, moyo wake uliposimama ghafla, tarehe 12 Juni 2021.

Daktari alinipima umeme wa moyo, akanifunga kifaa cha kurekodi mapigo kwa saa 24, kisha akatazama misuli na vali, yaani milango ya damu ndani ya moyo, kwa mawimbi ya sauti. Moyo ulikuwa mzima. Alinieleza kwamba kuruka kule ni pigo linalowahi wakati wake; kimya kinachofuata huupa moyo nafasi ya kujaa damu zaidi, ndiyo maana pigo la baadaye husikika kwa nguvu, na watu wengi wenye afya njema hupatwa na hali hiyo. Hata mapigo 48 kwa dakika nikiwa nimepumzika, ambayo saa yangu ya mkononi iliyaonyesha nikaingiwa na baridi, si ajabu kwa mtu aliyezoea mazoezi.

Majibu hayo yalinituliza kwa siku chache tu, na jambo hilo ndilo lililonisumbua zaidi. Hofu huamsha homoni ya adrenalini, adrenalini huongeza kasi ya mapigo, nayo kasi hiyo ninaichukua kuwa ushahidi wa ugonjwa, hivyo kila nilipojipima nilikuwa ninaichochea hofu ileile niliyotaka kuizima. Kilichonisaidia ni mtaalamu wa saikolojia, ambaye alinitaka niivue saa, kisha nipande ngazi kwa kasi makusudi na kuuacha moyo uende mbio bila kuugusa mshipa. Mara ya kwanza nililia.

Sisemi kwamba kila dalili ni wasiwasi. Anayezimia katikati ya mazoezi, anayebanwa na kifua anapojitahidi, au ambaye ndugu yake wa damu alifariki ghafla akiwa bado kijana, namsihi aache kukimbia na apimwe kwanza.

Juzi moyo uliruka mara mbili nikiwa kitandani. Mkono ulikwisha kufika shingoni nilipoutambua, nikaurudisha chini ya shuka.