Kuweka wakili wa mirathi: kazi isiishie kwenye granti

Matanga yakiisha, mtu mmoja wa familia hutumwa mjini kutafuta wakili, na ombi analobeba huwa moja: tunataka granti, yaani hati ya mahakama inayomteua msimamizi wa mirathi. Wakili hufungua faili, granti hutoka, pesa zilizopatanwa huisha, na kila mtu hurudi nyumbani akidhani kazi imekwisha. Miaka 10 baadaye shamba bado lina jina la marehemu, msimamizi mmoja naye amefariki, na ndugu wanauziana vipande kwa makubaliano ya karatasi. Mashamba ya namna hii yamejaa Kakamega, Vihiga, Siaya na hata viungani mwa Nakuru. Mara nyingi kosa lilifanyika siku ya kwanza, pale ofisini, wakati wa kupatana.

Granti inasema tu nani atasimamia mali. Haimpi mtu yeyote hata robo ekari. Chini ya Sheria ya Urithi ya Kenya, Sura ya 160, ombi likishawasilishwa hutangazwa kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na watu hupewa siku 30 za kupinga. Pasipo pingamizi, granti hutolewa. Kisha husubiriwa miezi 6 kabla ya kuomba ithibitishwe, na ni katika ombi hilo la pili ndipo mgawanyo huandikwa: nani anapata nini, shamba namba gani, ukubwa gani. Kabla ya uthibitisho huo, kifungu cha 82 kinamkataza msimamizi kuuza ardhi. Anayenunua shamba kwa kuonyeshwa granti ambayo haijathibitishwa amejinunulia kesi. Na anayeuza au kujigawia mali ya marehemu bila mamlaka yoyote anakabiliwa na kifungu cha 45: faini isiyozidi shilingi 10,000, au kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili.

Baada ya cheti cha uthibitisho kuna safari ya tatu, nayo ndiyo husahaulika: rejista ya ardhi. Uhamisho wa urithi hautozwi ushuru wa stempu, kwa hiyo ukiuona kwenye orodha ya gharama, uliza ni wa nini. Shamba likibaki kipande kimoja, idhini ya bodi ya ardhi haihitajiki. Likikatwa vipande vyenye hatimiliki tofauti, idhini inahitajika, na soroveya mwenye leseni pia. Hapa ndipo hesabu mbaya za ofisini hujitokeza. Familia huzungumza kwa ekari, lakini hatimiliki zetu huandikwa kwa hekta, na hekta moja ni karibu ekari 2.47. Cheti kikigawa ekari 5 kwenye shamba ambalo rejista inasema ni hekta 1.8, yaani kama ekari 4.4, soroveya hana mahali pa kuitoa hiyo tofauti, na familia inarudi mahakamani kurekebisha cheti. Ni vyema soroveya apite shambani kabla ombi la uthibitisho halijaandikwa, hasa pale barabara ilipomega mpaka.

Kwa hiyo mkikaa na wakili, msimuulize tu "ni pesa ngapi?" Muulizeni ni pesa ngapi hadi granti, ngapi hadi cheti cha uthibitisho, na ngapi hadi majina ya warithi yaingie kwenye rejista. Ada ya wakili itengwe na gharama zisizo zake: ada ya mahakama, tangazo, viapo, nakala za rejista, soroveya, bodi. Aseme kama ada hiyo itaongezwa VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16. Mkubaliane pia itakuwaje mtu akileta pingamizi, kwa sababu mirathi yenye pingamizi ni kazi nyingine kabisa, ya kusikiliza mashahidi, na ada ya faili ya kawaida haiwezi kuibeba. Yote hayo yaandikwe na kutiwa sahihi. Sheria ya Mawakili inatambua mapatano ya ada yaliyoandikwa na kusainiwa na mteja, na bili yenye utata inaweza kupelekwa mbele ya ofisa wa mahakama aikadirie.

Wapo wanaosema: hatuna pesa, wakili achukue kipande cha shamba tukishinda. Msikubali, hata kama ni yeye aliyependekeza. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Mawakili kinabatilisha mapatano ambayo wakili ananunua sehemu ya haki ya mteja katika kesi, au analipwa tu iwapo kesi itafaulu. Malipo kwa awamu yanaruhusiwa na ndiyo njia ya familia nyingi. Mama mjane anayefukuzwa kwenye boma na hana uwezo wa ada anaweza kuanza na ofisi ya FIDA, chama cha mawakili wanawake, iliyoko Kisumu.

Kumthibitisha wakili hakuchukui dakika tano. Leseni yake ya kazi huisha tarehe 31 Desemba kila mwaka, na tovuti ya Chama cha Wanasheria cha Kenya ina sehemu ya kutafuta jina na kuona kama ana leseni ya mwaka huu. Fanyeni hivyo hata kama bango lake limekaa barabarani miaka 20. Nje ya mahakama na rejista za ardhi hawakosekani watu wanaojaza fomu za urithi kwa bei nafuu. Baadhi wanazijua fomu kweli, lakini sheria haimruhusu asiye wakili kuandaa hati hizo kwa malipo, na zikikataliwa hakuna pa kumshtaki.

Mji mdogo una shida yake: mawakili ni wachache na mkubwa wa familia huwa tayari ana wake, yule aliyemwandikia mauzo ya ploti au kumtetea kesi ya mpaka. Wakili huyo anaweza kuwahudumia wasimamizi wawili wanaoelewana. Wakianza kuvutana, anapaswa kuondoka kwa wote wawili, si kubaki na yule anayelipa. Swali la kuuliza kabla ya kueleza lolote ni hili: umewahi kumfanyia kazi marehemu, au yeyote wa familia hii? Jibu likiwa ndiyo, nendeni mji wa jirani. Tangu Machi 2024 mahakama zote nchini zinapokea kesi kwa mtandao, kwa hiyo wakili wa Kisumu anaweza kuwasilisha faili ya Bungoma akiwa mezani kwake.

Mahakama gani pia ni pesa. Hakimu Mkuu anaweza kusikiliza mirathi isiyozidi shilingi milioni 20. Mahakimu wa ngazi za chini wana viwango vidogo zaidi. Shamba la kawaida la kijijini haliwalazimu kupanda hadi Mahakama Kuu. Ploti za katikati ya Nakuru ni habari nyingine. Na kama mgogoro ni na jirani anayedai shamba ni lake, mahakama ya urithi si mahali pake. Huo ni wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, nao hutangulia mgawanyo. Waislamu wanaweza kwenda kwa Kadhi ikiwa wahusika wote ni Waislamu na wanakubali.

Siku ya kwanza bebeni cheti cha kifo (kibali cha mazishi hakitoshi), vitambulisho, nakala mpya ya rejista kwa kila shamba, taarifa za benki, na barua ya chifu wa lokesheni ya marehemu. Angalieni majina kabla wakili hajayaangalia. Hatimiliki inaweza kusema Otieno Odhiambo, kitambulisho kikasema Joseph Otieno, na cheti cha kifo kikageuza mpangilio tena. Tofauti hiyo hurekebishwa kwa hati ya kiapo na barua ya chifu, lakini lazima iingie kwenye faili tangu mwanzo. Tatizo kubwa zaidi ni shamba lililoandikishwa kwa jina la babu tangu upimaji wa miaka ya 1960 na 1970. Hapo mirathi ya baba haianzi na baba. Inaanza na babu, na baba zenu wakubwa na mashangazi wote wana nafasi ndani yake.

Barua ya chifu iwataje watoto wote, wa kiume na wa kike, walioolewa na wasioolewa, na wa kila nyumba. Tunaisisitiza hii kwa sababu ndiyo inayovunja granti nyingi. Kifungu cha 76 cha Sheria ya Urithi kinaruhusu granti kubatilishwa wakati wowote ikiwa ilipatikana kwa kuficha jambo la maana, na binti aliyeachwa nje kwa kuwa ameolewa Busia ni jambo la maana. Anaweza kuja baada ya miaka 15, wakati shamba limeshauzwa mara mbili. Kama hataki sehemu yake, aseme mwenyewe kwa kiapo.

Kwenye ndoa ya wake wengi, pimeni ujuzi wa wakili kwa swali moja la hesabu. Marehemu hakuacha wosia. Nyumba ya kwanza ina mama na watoto 5, ya pili mama na watoto 2, na shamba ni ekari 9. Kifungu cha 40 kinahesabu watoto wa kila nyumba na kumwongeza mjane aliye hai kama mtu mmoja: 6 kwa 3. Kwa hiyo ni ekari 6 na ekari 3. Akiwaambia kila nyumba ni nusu kwa nusu kwa sababu ndiyo mila, jueni hajaisoma. Familia inaweza kukubaliana vingine, ila kila mmoja atie sahihi akijua sheria ingempa nini.

Wosia ni kazi ndogo zaidi kwa wakili na huokoa mengi. Unahitaji mashahidi wawili wasiorithi chochote ndani yake, na ukioa au kuolewa baadaye wosia huo huvunjika, isipokuwa uliandikwa kwa ajili ya ndoa hiyo. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili hudumu miezi 3 tu. Msidhani kuwa unamaliza suala la mahali pa kuzikwa: mwaka 1987 kesi ya S.M. Otieno, mwenyewe wakili, ilimalizikia kwa kuzikwa Nyalgunga, Siaya, kinyume na alivyotaka mjane wake.

Mtakapofika mwisho, bakisheni awamu ya mwisho ya ada. Chukueni nakala mpya ya rejista ninyi wenyewe, mwone majina ya warithi na ukubwa wa kila kipande, ndipo mlipe.