33,550,336, namba kamilifu ya tano

Jumamosi iliyopita umeme ulikatika hapa Kamalondo, Lubumbashi, na wakati dada yangu akisonga bukari juu ya mbabula, nilichukua kipande cha makala (mkaa) nikaandika kwenye saruji ya uani namba ninayoipenda kuliko zote: 33,550,336. Mpwa wangu akaniuliza, «Mjomba, ina nini hiyo?»

Namba huitwa kamilifu ikiwa jumla ya vigawanyo vyake, yenyewe ikiachwa, inairudisha yenyewe, kama 6 ambayo ni 1, 2 na 3 zikijumlishwa. Hufuata 28, kisha 496, kisha 8,128. Nicomachus, mwanahisabati wa Kigiriki aliyeandika yapata mwaka 100, alizijua hizo nne, na kwa kuwa ya kwanza ina tarakimu moja, ya pili mbili, ya tatu tatu na ya nne nne, ilisadikiwa kwa karne nyingi kwamba mpangilio huo utaendelea. Hauendelei. Ya tano ina tarakimu 8.

Sababu ya pengo hilo inaonekana katika njia ya Euclid, Mgiriki wa kale, ya kutafuta namba kamilifu. Anza na 1, zidisha kwa 2 kila hatua, jumlisha zote. Jumla ikiwa namba tasa, izidishe kwa namba ya mwisho uliyofikia. Hatua 7 hutoa 127 mara 64, yaani 8,128. Hatua ya 8, ya 9 na ya 10 zinashindwa, ya 11 inatoa 2,047, ambayo kwa macho ni tasa kabisa kumbe ni 23 mara 89, na ya 12 nayo inashindwa. Ya 13 inatoa 8,191 na namba ya mwisho 4,096.

Je, 8,191 ni tasa kweli? Kwa kawaida ungejaribu namba tasa zote 24 zilizo chini ya 90 (91 mara 91 tayari inazidi 8,191), lakini Fermat, mwanahisabati Mfaransa, alitambua kwamba kigawanyo tasa chochote hapa lazima kizidi kwa 1 kigawe cha 26, yaani 26, 52, 78 na kuendelea. Zinabaki 53 na 79 tu! Mpwa wangu alizigawanya mwenyewe, akapata baki 29, kisha 54. Kazi ikaisha kwa mistari miwili ya makala, na huo ndio uzuri ninaoutaka kila mwanafunzi auone kwa mkono wake.

Namba hiyohiyo ni jumla ya namba zote kuanzia 1 hadi 8,191, tena ni jumla ya vipeo vya tatu vya namba witiri 64 za kwanza, na ukiiandika kwa 0 na 1 peke yake unapata 1 kumi na tatu zikifuatwa na 0 kumi na mbili.

Kisha kijana akajumlisha tarakimu zake: 28, namba kamilifu ya pili. Nilimweleza kwamba namba kamilifu zote za shufwa, isipokuwa 6, hubakiza 1 zikigawanywa kwa 9, na hiyo ni kanuni. Kupata 28 hasa ni bahati tu. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaizungushia duara.