Taa juu ya tangi la kambale

Nilipoanza kufuga kambale katika tangi la saruji nyuma ya nyumba yetu Ujiji, nilifunga juu yake taa ya ulinzi iliyowaka tangu magharibi hadi alfajiri, kwa kuwa niliogopa wezi. Kila asubuhi nilikuta vifaranga walioliwa mikia na wenzao, na chakula nilichowapa mchana kilibaki kikielea mpaka maji yakanuka.

Baba yangu mdogo, mvuvi wa dagaa, alisimama usiku mmoja akaitazama ile taa. "Mwanangu, mbalamwezi ikikolea sisi hatuendi ziwani, maana karabai hazivuti kitu. Hawa umewawekea mbalamwezi ya mwaka mzima."

Maneno yake yalinifanya nisome. Nilijifunza kwamba samaki ana tezi ya pineali, iliyo juu ya ubongo chini kidogo ya fuvu, na kwamba kwa samaki wengi tezi hiyo huhisi mwanga yenyewe bila kungoja habari kutoka machoni. Giza likiingia humwaga melatonini, homoni inayoutangazia mwili kwamba ni usiku, katika damu, na mwanga ukiwaka usiku umwagaji huo hupungua. Lakini homoni peke yake ni mbiu tu. Anayeisikia ni kipokezi, yaani protini iliyopachikwa kwenye utando wa seli, ambayo ikishikwa na melatonini hubadilisha kazi ya seli ile kwa ndani. Vipokezi hivyo vimo katika ubongo, machoni na hata katika utumbo, na hilo ndilo lililonishangaza zaidi, kwa sababu nilikuwa nikidhani kwamba usiku ni jambo la macho pekee.

Kambale ni samaki wa usiku, hutafuta chakula kwa sharubu zake gizani, na vifaranga wake hutulia zaidi pasipo mwanga mwingi. Niliihamishia taa getini, nikaielekeza barabarani, na sehemu kubwa ya chakula nikaanza kuitoa baada ya swala ya isha. Usiku wa nne nilisikia maji yakichemka kwa pupa yao, nami nikafurahi mno.

Tangu wiki ya tatu sijaona mkia ulioliwa, ingawa siwezi kusema kwamba giza peke yake ndilo lililoleta nafuu, kwani wiki hiyohiyo nilianza pia kuwatenga wakubwa na wadogo.