Baba yetu, mgawa maji wa ndiva

Baba alizaliwa mwaka 1945, mwaka ambao wanaume wa Upare waliteremka kwa maelfu hadi Same kupinga kodi mpya iliyotozwa kwa kukadiria mali ya kila mtu, katika vuguvugu ambalo wazee wetu wanaliita Mbiru. Babu alikuwa miongoni mwao, na Baba alikulia katika masimulizi hayo. Tumemzika mwaka huu. Siku za msiba wengi walimwita mtu wa watu, na walisema kweli, lakini wajukuu waliozaliwa mijini walisikia sifa hiyo bila kujua ni kazi gani hasa iliyomstahilisha, na ni kwa ajili yao ninaandika.

Kijiji chetu kiko kwenye mteremko wa milima ya Upare Kusini, juu ya Makanya, mahali ambapo mvua za vuli na za masika hazitoshi kila mwaka kuyafikisha mahindi kwenye kukomaa. Ndiyo maana wazee wa zamani walichimba ndiva, yaani bwawa dogo linalopokea maji ya mfereji uliochepushwa kutoka kijitoni. Jioni tundu la kutolea maji huzibwa, maji yakajikusanya usiku kucha, na asubuhi huzibuliwa yakateremka mashambani kwa nguvu ambayo mfereji peke yake usingekuwa nayo. Bwawa likiwa moja na mashamba yakiwa mengi, lazima awepo mtu wa kusema leo ni zamu ya nani. Kwa sehemu kubwa ya maisha yangu, mtu huyo alikuwa Baba.

Zamu aliziandika katika madaftari ya shule yenye mistari, majina kwa wino wa bluu, na kwa wino mwekundu yale ya watu ambao hawakufika kwenye msaragambo, yaani kazi ya pamoja ya kijiji, wa kuzoa tope na kuziba nyufa za kingo. Aliyeandikwa kwa wino mwekundu alilipa faini ya kamati kabla ya kupata maji tena. Tulipoyapitia madaftari hayo baada ya maziko, tulikuta jina la kaka yetu mkubwa limeandikwa kwa wino mwekundu, na mbele yake, kwa mwandiko uleule uliolala kidogo kulia: "Amelipa." Kaka alisema anaikumbuka siku hiyo vizuri, kwa kuwa alikuwa na udhuru ambao mtoto wa mtu mwingine pengine angesamehewa.

Katika ukame wa mwaka 2005 na 2006 maji ya ndiva yalipungua hata zamu moja haikuweza kumaliza shamba moja. Mahindi yetu yalikuwa yakitoa mbelewele, wakati ambao yakikosa maji hayabebi kitu, na zamu yetu ilikuwa nyuma ya majirani kadhaa, mmoja wao mjane aliyekuwa akilima peke yake. Mama alimuuliza Baba mezani, mbele yetu sote: "Na sisi si wanakijiji?" Baba alimjibu kwa upole kwamba akianza na shamba lake, hatakuwa na la kumwambia mtu atakayefungua maji usiku kwa kuiba. Tulivuna kidogo sana mwaka ule. Mama hakukubaliana naye upesi, na sidhani kama alipaswa kukubali upesi, kwani yeye ndiye aliyetafuta chakula cha kujaza sufuria hadi masika. Ninapomsifu Baba kwa uadilifu wake, namsifu na Mama aliyebeba gharama yake.

Baba alikuwa Msabato, wa kanisa ambalo misheni yake ya kwanza nchini ilianzishwa Giti, hukohuko Upare, mwaka 1903. Jumamosi hakugusa kazi. Siku hiyo maji yaligawiwa na makamu wake, Mwislamu, ambaye naye Ijumaa mchana alimwachia Baba kazi hiyo ili yeye mwenyewe aende msikitini. Mpango huo haukuandikwa popote, lakini ulidumu miaka mingi bila mtu kuupinga.

Kabla ya kupewa kazi ya maji alikuwa kijana wa vikundi vya redio. Mwaka 1973, katika kampeni ya Mtu ni Afya iliyowafikia watu wapatao milioni 2 nchini, aliongoza kikundi kilichokutana kusikiliza kipindi, kusoma kijitabu na kujadiliana, kisha watu wakatoka na majembe kwenda kuchimba vyoo. Alipenda kusema kwamba choo cha kwanza walichimba kwa bibi mmoja asiyekuwa na kijana nyumbani.

Nyumbani hakuwa mgeni. Alitusomesha kwa mwanga wa chemli, alituinjikia makande Mama alipokuwa ameuguliwa na ndugu zake, na alihudhuria vikao vya wazazi hata msimu wa kupalilia. Jambo ninalomshukuru zaidi ni kwamba alipogawa ardhi yake angali hai, aliita wazee wa ukoo na mwenyekiti wa kijiji wawe mashahidi, akawapa dada zangu sehemu sawa na sisi wanaume. Baadhi ya wazee walinung'unika. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza, kisha akaendelea kuonyesha mipaka.

Kamati imekwisha kumchagua mgawa maji mpya, na madaftari yote tumemkabidhi. Msaragambo wa kuzoa tope utafanyika kabla ya vuli. Ndugu walio mbali wasioweza kufika, tafadhali tumeni mchango wenu moja kwa moja kwa mweka hazina wa kamati na mdai stakabadhi. Msitume kwetu nyumbani, kwa kuwa Baba hakuruhusu hata siku moja fedha za ndiva zilale chini ya paa lake.