Tazama bendera

Juzi binti yangu alikuwa anarudia somo la kemia, akafika kwenye haidrojeni salfaidi. Gesi isiyo na rangi, inanuka kama yai viza. Akaniuliza bila kuinua kichwa, "Baba, mbona hii rahisi? Ukiinusa si unakimbia tu?"

Nikamwambia pua ndiyo inayotangulia kufa. Nadhani aliliandika pembeni mwa daftari. Mimi nikatoka nje, maana nilishaanza kuviona vile viatu.

Asubuhi ile ya vile viatu, upepo ulikuwa umelala kabisa. Sisi wa jotoardhi, tunaovuna mvuke wa ardhini kwa ajili ya umeme, hatuzipendi asubuhi za namna hiyo. Mvuke ukipanda kutoka ardhini haupandi peke yake, unakuja na gesi zake, na hii ya yai viza ni nzito kuliko hewa kwa karibu sehemu moja ya tano. Kukiwa na upepo inatawanyika. Upepo ukilala inateremka na kutafuta shimo, na kila kisima kina shimo lake: kijichumba cha zege kuzunguka mdomo wa kisima, kina chake kinazidi kimo cha mtu, unashuka kwa ngazi ya chuma. Mwenzetu wa vipimo alishuka kusoma geji, kazi aliyoizoea. Kipima gesi chake, kile kidogo cha kubana kifuani ambacho huanza kulia gesi ikifika sehemu 10 kwa milioni, kilikuwa ofisini kinachaji. Kwa nini kichajiwe saa za kazi, hilo lilikaliwa vikao vingi, na walioketi humo wanajua hakuna aliyetoka ameridhika.

Pua ya binadamu huikamata gesi hii hata ikiwa chini ya sehemu moja kwa milioni, mapema sana kabla haijakudhuru. Ndiyo maana kituoni tuliiishi ile harufu na hatukuihesabu kuwa habari. Lakini ikifika kama 100, uwezo wa kunusa unapooza. Harufu inakatika, nawe unadhani hewa imesafika. Ikikaribia 1,000 ni pumzi moja au mbili, umeanguka. Hakuna kukohoa wala kuita. Tulichosikia sisi ni tochi kugonga chuma, basi.

Mimi ndiye niliyekuwa karibu. Nilipofika ukingoni nilimwona amelala ubavu, mguu mmoja umenasa kwenye kipago cha chini cha ngazi, kamba ya kiatu imefunguka. Sijui kwa nini ile kamba ndiyo iliyonikera. Nikageuka, nikatanguliza mguu kwenye ngazi.

Mkono ukanidaka mkanda kwa nyuma. Mzee wa shifti, msimamizi wetu, mfupi na mpole, alinivuta mpaka nikakaa kitako kwenye changarawe. Nilimtukana. Niliyomwambia, mtu wa rika la baba yangu, siwezi kuyaandika hapa. Aliyasikia yote, hakujibu hata moja.

"Wawili wamekwenda kuvaa mitungi ya hewa," alisema. "Wewe tazama bendera."

Bendera ni kile kitambaa cha rangi ya chungwa juu ya mlingoti, cha kuonyesha upepo unakotoka.

"Imelala, Mzee."

"Endelea kutazama. Ikigeuka, niambie."

Nikatazama. Kitambaa kimening'inia kando ya mlingoti, hakisogei. Nikishusha macho, naona kiatu. Nikishusha macho tena, Mzee ananiambia, "Bendera." Kila nilipojaribu kuinuka alikaza ngumi kwenye mkanda wangu, na kwa kupitia nguo nikahisi kwamba mkono wenyewe unatetemeka. Hilo lilinitisha kuliko shimo. Nikasema kwa sauti, nadhani nilikuwa nalia, "Imelala. Imelala. Imelala bado." Kisha pindo likainuka kidogo, likaanguka, likainuka tena. Nikamwambia upepo unatoka upande wa mitambo. Akaninyanyua kwa ule ule mkanda, akanizungusha mpaka tukasimama upande unakotoka upepo.

Yaliyobaki ni haya. Waliovaa mitungi walishuka, wakamfunga kamba, akapandishwa, akapewa oksijeni, akapelekwa hospitali. Alipona, ingawa kichwa kilimsumbua muda mrefu. Mashimo yakawekewa feni, na hashuki mtu bila kibali kilichojazwa vipimo vya gesi vya juu, vya kati na vya chini, na mwenzake akisimama ukingoni.

Kwenye mafunzo yaliyofuata, mkufunzi alitusomea waraka wa NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, wa mwaka 1986: katika vifo vya ndani ya nafasi finyu, zaidi ya 60% ni vya watu waliokwenda kuokoa. Chumba kizima tukageuka kumtazama Mzee. Yeye alikuwa anachonga penseli.

Nilimfuata baadaye. Nikamuuliza, je, mitungi ingechelewa? "Ningekushika," alisema. Nikamuuliza, mpaka lini? Akaniambia sijamaliza kujaza daftari la shifti ya usiku. Sasa shifti ni yangu mimi, na swali langu limebaki pale pale. Jibu la kwenye mafunzo ninalo, ninawafundisha vijana wapya kila wanapokuja. La mkono sina.

Hospitalini, mke wa mgonjwa alinishika mikono yote miwili. Habari zilikuwa zimemfikia kwa namna yake: kijana alitaka kushuka, mzee akamzuia. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu na kofia yake mkononi. Mama yule akamwamkia shikamoo kwa adabu, akampita.

Mpaka leo hunipigia simu. "Shemeji, wewe ndiye uliyetaka kumfia mume wangu." Nimemweleza mara nyingi kwamba ningeshuka wangetolewa maiti wawili, na kwamba wa kushukuriwa ni mwingine. Hunisikiliza mpaka mwisho, kisha hunisifu kwa unyenyekevu wangu.